Dari Tuliyoibeba Kichwani

Jirani yetu alianza kutuchukia kwa sababu ya godoro. Watu watakuambia mambo ya Kolwezi, mji wetu wa migodi kule Katanga, yalianza na siasa, na hawadanganyi. Lakini kwenye njia yetu, kati ya mlango wake na mlango wetu, yalianza na godoro lililoungua, na mimi nilikuwepo, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Njia yetu ilikuwa mteremkoni, pale ambapo mji unaacha kuwa tambarare na kuanza kushuka. Nyuma yetu kulikuwa na kilima cha mawe na udongo uliotolewa mgodini, kirefu kuliko kanisa, na upepo wa upande wa mgodi wa Mashamba ulikipanda kilima kile taratibu, kisha ukatuangukia sisi. Mwezi wa sita na wa saba miguu ilikuwa inakataa sakafu. Nyumba zilijengwa na kampuni ya mgodi, baadaye ikawaachia wafanyakazi wake: matofali mazuri, bati juu, na kati ya bati na kichwa chako hakuna kitu. Joto lolote utakalowasha linapanda, linapita kwenye matundu ya misumari, linaenda zake kuwapasha kunguru.

Umeme ulikuwa wa bure, basi kila nyumba ilikuwa na resho, lile jiko dogo lenye waya unaojiviringa kama konokono, na hakuna aliyeizima. Resho ilipika maharagwe, ikachemsha maji ya kuoga, ikakausha nepi, kisha ikaachwa inawaka tu katikati ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Nyaya za njia nzima zilikuwa zinaungua. Nguzo ikitoa cheche tulikaa gizani hata wiki, watu wakarudia makala, yale makaa ya miti yanayoletwa kutoka Mutshatsha, wakakohoa na kuilaani kampuni.

Ndipo serikali ikaleta msaada. Gari lenye kipaza sauti lilipita likisema kwamba mkoa unataka nyumba za mteremkoni zipunguze umeme na makala. Nyumba itakayokubaliwa itapewa mbao nyembamba za tripleksi za kutengenezea dari, ambayo sisi tunaiita plafo, pamoja na misumari, chokaa, na fundi wa kuonyesha jinsi ya kujenga jiko la udongo wa kichuguu lisilokula makala mengi. Kazi ya mikono itakuwa ya mwenye nyumba. Lakini kwanza watapita wakaguzi waangalie kila nyumba inatumia moto namna gani.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotumaliza. Njia nzima ilielewa kwamba asiye na moto ndiye atakayepewa zawadi. Kwetu ukaguzi ni ukaguzi: mkubwa akija, unaficha. Siku ile hakukuwa na moshi popote. Watu walizima kila kitu tangu alfajiri, wakakaa ndani na makoti, wameshika magoti, wakijifanya ni watu wa serikali wasiosikia baridi. Watoto walipewa uji wa jana.

Mama yangu peke yake ndiye aliyekataa. Mdogo wangu wa kike alikuwa hajaanza kukaa, na kifua chake kililia kila akivuta pumzi, kama mlango unaotaka mafuta. Baba alimbembeleza.

"Mama, saa moja tu. Bapite, tuwashe tena."

"Serikali ikitunyima, itunyime. Mutoto yangu hatakufa juu ya plafo."

Sasa huyu jirani. Alikuwa kapita, yaani msimamizi, kazini, mtu wa sauti kubwa, na wakati ule alikuwa rafiki wa baba. Walienda kazini pamoja na kurudi pamoja. Yeye alitoka kaskazini ya Katanga, akaja Kolwezi akiwa kijana kutafuta kazi. Baba yangu alizaliwa hapo hapo Kolwezi, maana babu ndiye aliyeletwa kutoka mkoa wa Kasai kuchimba shaba. Ninalisema mapema ili ulishike: baba aliuona mji ule kabla ya jirani.

Mkaguzi alikuwa mrefu, ana tai, na alikuwa na tabia ya kuweka kiganja ukutani kama daktari anayemshika mgonjwa paji la uso. Sisi wote tulimfuata nyumba kwa nyumba. Alipofika kwa jirani tulijaa mlangoni.

"Munapika na nini, tata?"

"Sisi? Sisi tunakula bya baridi, chef. Tulishazoea."

"Resho hamuna?"

"Resho! Hata sura yake sijue."

Mkaguzi akaweka kiganja ukutani, akanusa.

"Na hii harufu?"

"Ni ya kwa jirani, chef. Bale babishi, habazimake moto."

"Tata, moshi inatoka mu chumba yako."

Alikuwa ameisukuma resho chini ya kitanda ikiwa bado nyekundu. Godoro lilikuwa la sponji, si la kuvumilia. Tulisikia *puu*, kama mtu aliyeketi vibaya, halafu mke wake akapita katikati yetu akiwa ameshika upande mmoja wa godoro, jirani upande mwingine, linawaka, na resho yenyewe inafuata nyuma ikiburuzwa na waya wake kama mbwa anayetaka kwenda na wenyewe. Nani hangecheka? Hata mkaguzi aliugeukia ukuta, tai yake ikawa inatetemeka.

Kwetu alimkuta mama mbele ya resho, mtoto mgongoni, hasimami wala haogopi. Akaweka kiganja ukutani, akatazama bati, akasikiliza kile kifua.

"Njo nyumba nilikuwa natafuta," akasema. "Kumbe munawasha, mulizima juu ya nini bote? Tulikuya kuona moto yenye kupotea."

Sisi tukapewa mbao, jirani akaambiwa watarudi kwake mara ya pili. Hawakurudi. Kwa miezi mingi watoto wa njia yetu, na wakubwa wasio na haya, walimsalimia kwa lile godoro, ambalo sisi tunaliita matela: "Jambo tata, matela ilishaiva?" Naye alijibu kwa kucheka. Nilidhani anacheka.

Baba alikuwa seremala wa kampuni, na dari ile aliitengeneza kama vile atakayelala chini yake ni askofu. Kila ubao aliupiga randa pembeni mpaka ukashikana na mwenzake bila kuacha mwanga. Alijenga jiko la udongo wa kichuguu kwenye kona, akazungushia mpira chini ya mlango. Siku alipopiga msumari wa mwisho nyumba ilinyamaza. Ule mlio wa bati wakati wa upepo ukaenda mbali, kana kwamba upepo unavuma kwa watu wengine. Makala ya mikono miwili yalitosha mpaka asubuhi. Na kifua cha mdogo wangu kikanyamaza pia. Mama alikuwa anaamka kusikiliza kama yu hai, maana alizoea kumjua kwa ile sauti.

Mimi shule ilikuwa imeniacha njiani. Walimu waliacha kuja, nikaishia mwaka wa pili wa sekondari, nikawa ninalala chali mchana nikiangalia dari. Mbao za tripleksi zina mistari kama maji. Pale juu nilikuwa na saluni yangu yenye vioo pande zote, nilikuwa na kiti kinachozunguka, nilikuwa na wateja kutoka Lubumbashi wanaongoja zamu yao. Nilimfundisha mdogo wangu kuniita madamu kabla hajajua kusema mama. Nilikuwa na furaha ya kijinga, na ninaitetea mpaka leo.

Jirani alikuja kuiona dari. Alisimama katikati ya chumba, kichwa nyuma, muda mrefu sana.

"Plafo ya muzuri," akasema, kisha akatoka bila kunywa maji aliyopewa.

Halafu vitu vikaanza kuanguka. Mgodi mkubwa uliporomoka ndani kwa ndani, kampuni ikawa inazima mashine moja baada ya nyingine, maduka yakaporwa, gari la msaada tukaliona limesimama bila magurudumu mbele ya ofisi fulani. Na watu wakitaka kujua ni nani aliyekula nchi, wakaambiwa kwenye mikutano: ni bale ba Kasai. Nasi tukaambiwa turudi kwetu. Vijana walipita mteremkoni wakiimba kwamba sisi ni bilulu, wadudu, na wadudu wanatolewa nyumbani kwa kufagiwa. Vijana wale nilikuwa nimewasuka dada zao.

Baba alisimamishwa getini asiingie kazini. Alirudi na randa yake mkononi, akaiweka mezani, akaiangalia kama mtu aliyeleta samaki asiyejua atampikaje.

Jirani alikuja wiki ile ile. Alikuja saa za mchana, na shati jeupe, na mke wake nyuma. Mke wake na mama walikuwa wamezaa mwezi mmoja, wakipeana chumvi juu ya ua.

"Karibu, tata, ukae," baba akasema.

"Sikai. Tata, unasikia bintu bantu banasema."

"Tunasikia."

"Mi niko rafiki yako, njo maana nakuya mi mwenyewe. Bale bajeni, bale bijana ba mikutano, bakikuya kwanza, itakuwa mubaya. Mutaenda mu gare, mutangoja treni na bengine. Nyumba, mi njo nitaichunga."

"Aksanti, tata."

"Lakini plafo…" Akaonyesha juu kwa kidole bila kuangalia, maana aliijua kwa moyo. "Plafo musiguse. Ni kitu ya serikali. Serikali ilipatia nyumba, haikupatia muntu."

"Hatutagusa."

"Neno?"

"Neno, tata."

Wakati huo mke wake alikuwa anapima dirisha letu kwa kamba, kwa ajili ya mapazia yake. Hakufika juu. Na mama yangu, kwa mazoea tu, kwa yale mazoea ya kupeana chumvi, akamsogezea kigoda. Mke wa jirani akapanda juu ya kigoda chetu kupima dirisha letu, akasema aksanti. Nilitoka nje nikauma mkono wangu mwenyewe.

Tangu siku ile sikuota tena saluni. Niliota kisasi, na nilikiota kwa bidii ile ile. Nilikuwa nimepanga kufungua ubao mmoja niweke samaki wabichi juu ya dari, halafu niufunge vizuri kwa nyundo ya baba, ili jirani anuse mwaka mzima asijue kinachooza ni nini. Nilipanga kusaga pilipili kwenye udongo wa jiko. Kwa kuwa walituita wadudu, nilipanga kuwaachia wadudu wa kweli: nikaenda na beseni mpaka kwenye kichuguu, nikachimba, nikarudi na mchwa wanaotambaa mpaka kwenye viwiko. Baba alinikuta nao mlangoni.

"Unapeleka wapi hawa?"

"Juu ya plafo. Bakule yote."

Aliangalia ndani ya beseni kwa utulivu wa seremala.

"Bila mama yabo habatakula kitu. Kesho batakuwa bakufu." Akaongeza, "Rudisha. Na hawa biko na nyumba yabo."

Nilirudi kuwamwaga huku ninalia, na mchwa hawakuona huruma, waliniuma njia yote.

Watu waliotangulia walianza kutuma habari kutoka gare, yaani kituo cha treni. Treni haiji. Watu wamelala kwenye reli, kwenye sakafu ya bohari isiyo na mlango, chini ya mabehewa mabovu. Mvua za mwisho zilikuwa bado zinanyesha, na baada ya mvua ingekuja baridi. Watoto ndio walikuwa wanakufa kwanza. Mama alisikia habari hiyo akiwa anafunga vyombo kwenye shuka. Akakaza fundo. Lakini usiku wa kuamkia Jumapili mdogo wangu, ambaye sasa alikuwa anatembea akishika ukuta, alianza tena kulia kifuani, ule mlango wa zamani uliotaka mafuta.

Asubuhi jirani alienda kwenye mkutano. Baba alikuwa anafagia. Ndiyo, anafagia: alitaka kuacha nyumba safi, na dari juu yake kama alivyoahidi. Alikuwa ameshafuta vioo. Mimi nilimwangalia akiinama kuokota takataka kwa ajili ya mtu atakayetufukuza. Nikapanda mezani na nyundo, nikachomeka ule upande wake wenye meno kati ya mbao mbili, nikavuta.

Ubao ulipiga kelele kama mtu.

"We mutoto! Shuka!"

"Sishuki!"

"Nilipatia muntu neno yangu!"

"Mi sikumupatia yangu!"

Akanishika mguu. Mimi navuta juu, yeye anavuta chini. Sijui tungefikia wapi. Mama alikuja na mtoto mikononi, akamweka juu ya meza ile ile, kwenye miguu yangu, ili baba asikie vizuri kile kifua.

"Tata," akasema, polepole kabisa. "Kule mu gare, neno yako itafunika huyu mutoto?"

Baba aliachia mguu wangu. Kisha akaninyang'anya nyundo, nami nikafikiri nimeshindwa. Akapanda mezani.

"Unapasua pembe," akasema. "Angalia."

Hakuvunja hata ubao mmoja. Hawezi. Alitoa msumari baada ya msumari, akaunyoosha kwenye tofali, akauweka kwenye kopo. Mama alipokea mbao, mimi nikazipanga nje. Tulifanya mchana, mlango wazi, watu wanaona. Nilitaka waone. Kila ubao ulioshuka, bati lilirudi kidogo, na upepo ukaingia na kuanza kupiga mluzi wake wa zamani, nami nilipiga mluzi pamoja nao. Wakati ule nilikuwa na furaha kuliko siku dari ilipowekwa. Sitaki kusema uongo katika hili.

Zilibaki mbao chache juu ya mlango wakati jirani aliporudi na vijana wa mkutano. Aliingia akiwa ameshainua kichwa, kama mtu anayeingia kwake. Akaona bati.

"Plafo iko wapi?"

"Iko inje," mama akasema. "Inatungoja."

"Ile ni ya serikali!"

"Ende uite serikali ikuye. Iweke mukono mu kibambazi, ione kama kuko baridi."

"Tata!" Akamgeukia baba. "Neno yako?"

Baba alishuka mezani na ubao wa mwisho kifuani. Alikuwa mwekundu wa macho, maana vumbi la dari lilimwangukia, au labda si vumbi.

"Neno nilikupatia ulikuwa rafiki," akasema.

Vijana walikuwa wameshika fimbo. Mmoja akasema mbao zichomwe moto hapo hapo, na sisi pembeni. Jirani akaruka. "Hapana! Musichome! Ni yangu!" Akazikimbilia mbao nje, akatandaza mikono juu yake, akazikumbatia kabisa, shati jeupe na chokaa. Na kijana mmoja, aliyekua kwenye njia yetu, akamtazama vile alivyolala juu ya mbao, akauliza kwa sauti ya upole:

"Tata, unafanya matela?"

Walicheka wote. Wale wale waliokuja kutupiga. Kicheko kilipita nyumba kwa nyumba kushuka mteremko, watu wakatoka, na jirani akainuka haraka akajipangusa, lakini hakuna aliyemsikia tena. Kiongozi wa vijana akafuta machozi.

"Bachukue mbao yabo," akasema. "Bilulu bibebe miti. Itabalemea njiani."

Hivyo ndivyo tulivyotoka. Baba alibeba mbao nyingi zaidi, mama alibeba mtoto na shuka la vyombo, mimi nilibeba rundo la mbao kichwani, nikainyoosha shingo kama bibi arusi. Vijana walituimbia ule wimbo wa wadudu mpaka mwisho wa kartie, mtaa wetu. Niligeuka mara moja. Jirani alikuwa amesimama ndani ya mlango wetu anaangalia juu. Nilimtakia mwezi wa sita. Nilimtakia na wa saba. Nilimtakia upepo wote wa kilima kile, apewe yeye peke yake asigawane na mtu.

Gare ilikuwa kama walivyosema, ila harufu hawakuisema. Baba alitengeneza chumba kidogo kando ya bohari: mbao pande tatu, mbao juu, mbao chini ili unyevu usipande, na misumari ile ile aliyoinyoosha. Mtu mzima hakuweza kukaa wima mle. Haikuwa ya watu wazima. Mdogo wangu alilala ndani, joto la pumzi yake mwenyewe likabaki naye, na baada ya siku kadhaa kifua kikatulia. Halafu mama mmoja akaja na mtoto anayetetemeka, hakuomba, akasimama tu. Mama yangu akamchukua mtoto akamwingiza. Wakaja wengine. Mvua ilipoisha na baridi ikashuka kweli, mle ndani walilala watoto kama viazi kwenye kapu, na mimi nilikuwa madamu mwenye kazi ya kuwageuza.

Baridi ile tuliisikia sisi kwenye mifupa, lakini kila asubuhi nilipoona barafu nyembamba ya umande juu ya nyasi nilikuwa nasema: leo ameisikia na yeye. Mke wake alikuja siku moja na unga wa bukari, yaani ugali, na kisamvu kidogo tunachokiita sombe, kwa kujificha, kitambaa usoni. Aliketi na mama. Alisema nyumba ile haikaliki. Mume wake amewasha resho mbili mchana na usiku, na waya umeungua ndani ya ukuta, sasa wako gizani na mtoto wao anakohoa.

Nilicheka. Mama hakucheka. Alimuuliza mtoto anakohoa kikavu au na makohozi, akamwambia ampake mafuta ya mawese kifuani na asimlaze karibu na ukuta wa upande wa kilima. Mimi nilikuwa naangalia mbao nikaona anaziangalia pia, nikahamia mbele yake nikaketi, mgongo juu ya ubao.

Mtoto wake namwonea huruma. Nilimwonea hata siku ile. Lakini huruma yangu ilitosha kwa mtoto tu, ilipofika kwa baba yake ilikuwa imeisha.

Jirani mwenyewe akaanza kuja. Alikuja na pusupusu, mkokoteni wa kukodi, akasimama ng'ambo ya reli. Nilichukua muda kuelewa: alikuwa anangoja treni kama sisi. Alijua mbao haziwezi kupanda. Treni ikija watu watapanda hata juu ya mabehewa, hakuna atakayeruhusiwa na mzigo wa namna ile, na dari yake itabaki hapo chini, amekuja kuichukua.

Nikaomba kiberiti kwa mwanamke aliyekuwa anauza chai. Nilikuwa nimeamua. Nilitaka tukiwa tunaondoka aone moshi tu.

Treni ilikuja asubuhi moja bila taarifa, na gare yote ikasimama kwa sauti moja. Baba akawa anatupa vyombo dirishani, mama ameshapanda, mdogo wangu mgongoni kwa mama, ananiita. Mimi nilikimbilia chumba chetu na kiberiti mkononi. Nikainama niwatoe watoto wa mwisho. Mle ndani nikakuta mwanamke aliyejifungua jana yake. Familia yake haikupata nafasi kwenye treni ile. Alikuwa amejikunja upande, na mtoto wake mdogo kama mkate chini ya titi, wamelala, wote wawili wana jasho kidogo kwenye pua. Jasho, kwenye baridi ile.

Nikakaa hapo na kiberiti changu kama mjinga.

Nikamwamsha. "Mama, hii nyumba ni yako. Unaona ule muntu wa pusupusu? Asichukue hata ubao moja. Ukipata treni, patia mwenye kubaki, na umwambie vile nakuambia."

"Huyu ni nani?"

"Ni muntu mwenye kuwa na nyumba," nikasema.

Nikapanda kwa kuvutwa mikono. Treni ilipoanza kwenda nilimwona jirani akivuka reli na pusupusu lake, anaharakisha, na wanawake waliobaki wakiwa wameshaketi mbele ya zile mbao, mabega kwa mabega, migongo imezigusa. Alisimama mbele yao. Kisha mabehewa ya mizigo yakamficha.

Sasa tuko Mwene-Ditu, huko Kasai, mji nisioujua ambao wanasema ni kwetu. Hapa pia wanatucheka, wanasema tunaongea kama watu wa Katanga. Mdogo wangu anakimbia, anaimba, ananiita madamu. Ninasuka nywele chini ya mwembe mchanga wa watu wengine, na viti vyenye kuzunguka nimeviahirisha kidogo.

Yule mwanamke alikuja kwa treni ya baadaye. Nilimkuta sokoni, mtoto wake mnene mgongoni. Nilimshika mkono kabla sijamsalimia.

"Mbao?"

Alinieleza yote. Aliwaachia wengine, wale wakawaachia wengine, kila mmoja na lile neno. Jirani alikuja na pusupusu mpaka matairi yakaisha, akawa anakuja kwa miguu. Hakupewa hata moja. Waliokuwa wa mwisho, ambao yule mwanamke alikutana nao baadaye njiani wakamsimulia, walipoona baridi imekuwa kali na hakuna tena wa kuwaachia, walizipasua wakawasha moto, wakachemsha maji ya kumwogesha mtoto mchanga.

"Na yeye alikuwepo?"

"Alikuwa amesimama pale. Anaona."

Nilimwambia aniambie tena hapo, namna alivyosimama.

"Alikuwa anatetemeka," akasema. "Njo ule mama mwenye moto akamwambia: tata, kuya, ota moto. Akakaa na bo. Balimupatia na muhogo ya kuchoma."

"Balimupatia muhogo?"

"Ndiyo."

"Na akakula?"

"Akakula. Kuko baridi, dada."

Niliachia mkono wake. Mimi nisingemkaribisha. Mimi ningemwacha asimame ng'ambo ya reli mpaka meno yamtoke. Siku ile nilisuka vichwa vitatu, vyote nikavibana mno, wateja wakalalamika.